Msalaba wa shingoni: Wittmann aliupata, Knispel akaukosa. Wakuu, tukae hapa

Mlinda Lango (#1)

Wakuu heshima kwenu.

Juzi kwenye uzi wa vifaru kuna jamaa aliandika kwamba Michael Wittmann ndiye kamanda wa kifaru aliyetunukiwa kuliko wote wa Ujerumani kwenye Vita vya Pili vya Dunia, na watu wakagonga like bila hata kuuliza. Sikutaka kuharibu uzi wa mwenzangu, nimekuja kufungua wa kwangu.

Kwanza nishani zenyewe, maana hapo ndipo watu wanapopotea.

Msalaba wa Chuma ulianzishwa Machi 1813 na mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm III, wakati wa vita vya kumtimua Napoleon. Aliyeuchora ni Karl Friedrich Schinkel, msanifu majengo wa Berlin. Hazina ilikuwa imekauka, raia wanatoa vito vyao vya dhahabu na kurudishiwa vya chuma, kwa hiyo kuvaa chuma ikawa fahari. Halafu ulikuwa hauchagui: kuruta na afisa wote waliweza kuupata. Ukahuishwa 1870, ukahuishwa 1914, na Hitler akauhuisha tarehe 1 Septemba 1939, siku ileile aliyoivamia Poland.

Daraja la Pili linatolewa likiwa na utepe, ila baada ya siku ya kutunukiwa msalaba unawekwa kwenye sanduku na askari anabaki na kile kipande cha utepe kwenye tundu la kifungo. Ndio maana kwenye picha unaona kamba nyekundu yenye pindo nyeupe na nyeusi, msalaba huuoni. Daraja la Kwanza linabanwa kifuani kushoto, halina utepe. Na hulipati la kwanza bila kuwa na la pili.

Kitu kipya cha 1939 kilikuwa Ritterkreuz, ngazi iliyo juu ya Daraja la Kwanza. Mimi nauita msalaba wa shingoni, kwa kuwa unaning'inia chini ya koromeo, na nitauita hivyo uzi mzima. Juni 1940 yakaongezwa Majani ya Mwaloni juu yake. Septemba 1941 zikaja Panga, na Almasi. Mwishoni mwa Desemba 1944, miji inaungua, Hitler bado ana nafasi ya kubuni Majani ya Mwaloni ya Dhahabu! Alikusudia watu 12, akapata mmoja tu, rubani Hans-Ulrich Rudel.

Daraja la Pili walipewa watu kwa mamilioni. Msalaba wa shingoni kama 7,300. Mwaloni kama 880. Panga kama 160. Almasi watu 27.

Wittmann aliishia kwenye Panga. Juu yake, kwenye Almasi, kuna watu wa vifaru kadhaa: Rommel, Strachwitz, Balck, Manteuffel. Najua mtasema hao waliongoza regimenti na divisheni, hawakuwa wakikaa kwenye kifaru kimoja wakilenga. Sawa, nakubali. Ila basi tuseme hivyo, tusiseme "kuliko wote".

Nakuja na safari yake, ngoja nimalize chai.

Chuma cha Reli (#2)

Nimevuta kigoda. Shusha nondo mkuu.

Kamanda Kipepe (#3)

Nadhani jamaa mwenyewe ni mimi hahaha. Mkuu, Wittmann alipiga vifaru 138. Mia moja thelathini na nane! Unataka apewe nini zaidi? Na Villers-Bocage alisimamisha brigedi nzima ya Mwingereza peke yake.

Mlinda Lango (#4)

Kipepe tulia, zamu yako inakuja.

Wittmann alizaliwa Aprili 1914 Vogelthal, Bavaria, mtoto wa mkulima. Akapitia jeshi la kawaida, kisha akajiunga na SS (jeshi la chama cha Hitler), kikosi cha Leibstandarte, ambacho asili yake ni walinzi binafsi wa Hitler. Hilo lishikeni, nitalirudia.

1941 yuko Urusi na mzinga wa kujiendesha, ule usio na turubini. Tarehe 12 Julai anapata Daraja la Pili, tarehe 8 Septemba Daraja la Kwanza. Mpaka hapo ni askari kama askari wengine wazuri. Wenye hizo mbili walikuwa wengi mno.

Halafu kimya. Anaenda kozi ya uafisa, anarudi, anapewa kifaru cha Tiger mwaka 1943, anapigana Kursk. Kwa miaka miwili na ushee kola yake ni tupu. Kisha tazameni kalenda hii:

14 Januari 1944, msalaba wa shingoni.
30 Januari 1944, Majani ya Mwaloni. Siku 16 tu zimepita!
22 Juni 1944, Panga.
8 Agosti 1944, amekufa.

Kuanzia msalaba wa shingoni mpaka kaburini ni siku 207. Kuanzia Panga ni siku 47.

Siku 16 kati ya ngazi na ngazi, hiyo si kawaida. Ni kweli Januari ile alikuwa na mapigano mazito Ukraine na madai ya vifaru yalikuwa yanapanda kila siku. Ila angalia pia nchi ilikuwa wapi. Stalingrad imekwisha, Kursk imeshindikana, Mrusi anakuja. Gazeti linahitaji sura ya ukurasa wa mbele. Wamempata kijana wa miaka 29, mtoto wa shamba, mtaratibu, yuko Leibstandarte, na yuko kwenye Tiger, kifaru cha tani 57 chenye mzinga wa milimita 88. Mwaloni alivishwa na Hitler mwenyewe. Machi akaoa, na harusi nayo ikapigwa picha.

Mzee wa Kahawa (#5)

Swali la kizee. Von Lettow-Vorbeck wetu huyu, kamanda wa Wajerumani huku kwetu vita vya kwanza, alikuwa na nishani gani? Maana sisi tulisikia ya bluu.

Mlinda Lango (#6)

Shikamoo mzee. Hiyo ni Pour le Mérite, msalaba wa bluu, nao huvaliwa shingoni. Lettow alitunukiwa Novemba 1916, yuko porini huku kwetu anakimbizana na majeshi ya Waingereza chini ya Smuts. Ilikuwa ya maafisa tu, na ilikufa pamoja na ufalme wao mwaka 1918. Msalaba wa shingoni wa 1939 ulikuja kujaza pengo hilohilo, safari hii kwa vyeo vyote. Rommel alivaa zote mbili kwa pamoja, ya bluu aliipata Italia 1917. Tazama picha zake, kola yake imejaa kama duka.

Mzee wa Kahawa (#7)

Marahaba mwanangu. Endelea.

Mlinda Lango (#8)

Sasa Villers-Bocage. Kipepe sogea karibu.

13 Juni 1944, wiki moja baada ya kutua Normandy. Divisheni ya 7 ya Waingereza, hawa "panya wa jangwani", inazunguka kuingia mji mdogo ili wakamate kilima kinachoitwa 213 kwenye barabara ya Caen. Asubuhi wanaingia mjini, raia wa Kifaransa wanashangilia. Msafara unasimama barabarani, kichwa kwa mkia, askari wanashuka kunyoosha miguu. Wittmann yuko pembeni na Tiger chache. Anaingia barabarani na kuteremka kuelekea mjini akipiga kila kilichosimama, malori, magari ya deraya, vifaru. Robo saa hivi. Kile kitu kilikuwa cha kutisha, sikipunguzi.

Lakini ndani ya mji kifaru chake kikapigwa na mzinga wa Waingereza wa kupinga vifaru, kikakwama. Yeye na wenzake wakashuka wakaondoka kwa miguu. Mchana Tiger za kompania nyingine na vifaru vya divisheni jirani vikaingia mjini, na humo Wajerumani nao wakapoteza Tiger kadhaa kwenye vichochoro. Wale Waingereza waliokamatwa kule kilimani 213 walizungukwa na kikosi, si na mtu mmoja.

Ilipofika jioni idara ya propaganda ikakusanya hesabu yote ya siku, ikaiweka kwenye jina moja. Sepp Dietrich, mkubwa wake, akapeleka pendekezo la Panga. Siku tisa baadaye zikatoka, na Hitler akamvisha kule Berghof, nyumba yake ya mlimani.

Kwa hiyo "peke yake", hapana. Alianzisha, na alianzisha kwa ujasiri wa kichaa. Waliobaki waliandikwa kwake.

Na tena: kamanda wa Tiger hafyatui mzinga. Mle ndani kuna watu watano: kamanda, mlenga shabaha, mpakiaji, dereva na mtu wa redio. Mlenga wake wa muda mrefu kule Urusi, Balthasar Woll, naye alipewa msalaba wa shingoni, tarehe 16 Januari 1944, siku mbili tu baada ya bosi wake. Kwa mlenga shabaha hilo lilikuwa adimu sana. Walenga wengine kibao walibaki na utepe wa kifungoni.

Kamanda Kipepe (#9)

Sawa umenishika kwenye "peke yake". Ila 138 bado ipo.

Chuma cha Reli (#10)

Kipepe wewe ni wale wa bao la mkono, refa kashapuliza bado unashangilia 😂

Mlinda Lango (#11)

138 ni madai. Kifaru kinapigwa kutoka mita 1,500, kinatoa moshi, umekiandika. Usiku mafundi wa Kirusi wanakuja kukivuta, wiki ijayo kipo barabarani tena, unakipiga mara ya pili. Au watu wawili wamekipiga kwa wakati mmoja, kila mmoja kakiandika chake. Idara ya ujasusi ya jeshi lao wenyewe, ile iliyoshughulikia upande wa Mashariki, ilifikia kuyakata madai ya vifaru kwa nusu kabla ya kuyatumia kwenye hesabu zake. Kwa nusu! Mpangaji vita alipewa nusu, msomaji wa gazeti akapewa yote.

Kulikuwa na beji nyingine isiyo na mbwembwe ambayo mimi naiamini zaidi, ile ya mashambulizi ya vifaru. Ilianzishwa Desemba 1939, unaipata ukishiriki mashambulizi matatu kwa siku tatu tofauti. Baadaye, 1943, wakaweka ngazi: 25, 50, 75, 100. Haiulizi umepiga vingapi. Inauliza umeingia mara ngapi ukatoka.

Na askari hawakuwa mazuzu. Afisa aliyekuwa anautaka msalaba wa shingoni kwa udi na uvumba, anawapeleka watu kwenye moto ili aonekane, walisema ana maumivu ya koo. Yaani koo linamuuma mpaka lifungwe kile kitu. Msalaba wa Kijerumani, ile nyota kubwa ya kifuani yenye duara, waliuita yai la kukaanga. Na medali ya majira ya baridi ya Urusi 1941/42, wakati watu wanakatwa vidole kwa barafu, waliiita nishani ya nyama iliyogandishwa.

Mwana wa Mkonge (#12)

Nyama iliyogandishwa 😂😂 nimecheka mpaka konda kaniangalia.

Mkuu tupe huyo Knispel sasa, kichwa cha uzi umemtaja halafu kimya.

Mlinda Lango (#13)

Kurt Knispel, mzaliwa wa Sudetenland 1921. Jeshi la kawaida, si SS. Alianza mpakiaji, akawa mlenga, akaishia kamanda kwenye batalioni ya 503 ya vifaru vizito. Madai yake ni vifaru 168, zaidi ya Wittmann, na mengi alipiga kwa mkono wake mwenyewe akiwa mlenga. (Ndiyo Kipepe, nayo ni madai, kisu kinakata huku na huku.) Alikuwa na Daraja la Pili, Daraja la Kwanza, hilo yai la kukaanga, na beji ya mashambulizi ya ngazi ya 100. Aliwahi hata kutajwa kwenye taarifa ya vita ya redio.

Msalaba wa shingoni, hakuna.

Picha yake mashuhuri ana nywele zimetimka na ndevu kidevuni, kama fundi gereji aliyeitwa kupiga picha katikati ya kazi. Husimuliwa kwamba aligombana na afisa aliyekuwa anawatesa mateka wa Kirusi, na kwamba alipendekezwa mara nne akakataliwa. Hadithi hiyo ina mashabiki wengi kuliko nyaraka, kwa hiyo mimi siuzi kesi kwa hiyo. Naangalia tu kilichopo: sajini mwenye mdomo, asiye na mkubwa wa kumbeba, asiyefaa kuwekwa kwenye bango.

Alikufa siku za mwisho kabisa, Aprili 1945, kusini mwa Moravia. Kaburi lake halikujulikana mpaka 2013, wataalamu wa Kicheki walipochimbua mifupa nyuma ya ukuta wa kanisa kijiji cha Vrbovec. Walimtambua kwa kile kibati cha shingoni chenye namba. 2014 akazikwa upya Brno.

Kwa hiyo ndio, kuna cha shingoni alichokuwa nacho.

Kamanda Kipepe (#14)

Hapo umeniua mkuu. Nimenyoosha mikono.

Tanki la Mrusi (#15)

Msidhani ni Mjerumani tu. Dmitri Lavrinenko, kifaru cha T-34, upande wa Moscow 1941. Vifaru 52 ndani ya miezi miwili na kitu, rekodi ya Wasovieti. Akafa 18 Desemba 1941, kapigwa na kipande cha bomu akiwa ametoka nje ya kifaru chake. Cheo cha Shujaa wa Umoja wa Kisovieti amekuja kupewa Mei 1990! Umoja wenyewe ulikuwa umebakiza mwaka mmoja na nusu kuvunjika.

Na Kolobanov, Agosti 1941 karibu na Leningrad. Kifaru chake cha KV-1 kimejificha kwenye shimo njia panda, msafara wa Wajerumani unapita, anapiga cha kwanza na cha mwisho kwanza ili wa katikati wakwame. Vifaru 22. Yeye akapewa Nishani ya Bendera Nyekundu. Mlenga wake Usov ndiye akapata Nishani ya Lenin, kubwa kuliko ya kamanda wake.

Mlinda Lango (#16)

Hiyo ya Usov safi sana. Umeongezea nyama.

Nami niongeze wa upande wa tatu. 8 Agosti 1944, siku aliyokufa Wittmann, karibu na Saint-Aignan-de-Cramesnil, Tiger zinavuka uwanja wazi mchana kweupe. Kwenye bustani ya miti ya matunda kuna vifaru vya Sherman vya Waingereza, kimoja kina ule mzinga mrefu, mlenga wake ni kijana anaitwa Joe Ekins. Anapiga Tiger tatu ndani ya dakika kumi na kitu. Miaka mingi imeaminika mojawapo ndiyo ya Wittmann, ingawa Wakanada waliokuwa upande wa pili wa uwanja nao wana hoja nzito kwamba ni wao. Hata kama si Wittmann, Tiger tatu!

Ekins hakupewa nishani ya ushujaa. Baada ya vita alirudi kwenye kiwanda cha viatu.

binti_Pangani (#17)

Nimesoma kimya tangu juu. Mlinda Lango ulisema utarudi kwenye Leibstandarte, hujarudi.

Divisheni hiyo ndiyo iliyochoma Boves kule Italia Septemba 1943 na kuua raia. Ndiyo iliyoua mateka wa Kiingereza Wormhoudt 1940. Ndiyo ya Malmedy Desemba 1944. Mahakama ya Nuremberg baada ya vita ikaitangaza SS taasisi ya kihalifu. Mnazungumza nani kapata nani kakosa kama mnagawa kombe la mtaa. Hivi anayevisha huyo shujaa wenu ni nani?

Kamanda Kipepe (#18)

Dada, Malmedy Wittmann alishakufa.

binti_Pangani (#19)

Alishakufa ndiyo. Wormhoudt alikuwa hai, Boves alikuwa hai. Sijasema alikuwepo. Nimesema utepe aliovaa ulitoka mkononi mwa nani.

Mlinda Lango (#20)

Binti yuko sahihi na mimi nilipitiliza. Alama ya katikati ya nishani hiyo ni swastika, ya Wanazi, haipo kwa urembo. Wajerumani wenyewe lilipofika suala la wazee wao walioishi, mwaka 1957 wakatunga sheria: ruksa kuvaa nishani za vita, ila swastika itolewe. Viwanda vikatengeneza upya, pale katikati wakaweka majani ya mwaloni. Otto Carius, kamanda wa Tiger aliyekuwa na Mwaloni, alivishwa na Himmler, mkuu wa SS, kisha baada ya vita akafungua duka la dawa, akaliita Duka la Dawa la Tiger. Amekufa 2015. Mtu ulikuwa unaenda kununua dawa ya mafua, unahudumiwa na yule wa vitabuni.

fundi vito (#21)

Wakuu samahani naingilia, mimi si mtu wa historia, mimi sonara. Huu uzi kanitumia dogo kwa sababu ya jambo liko mezani kwangu sasa hivi. Kuna mtu kaniletea msalaba wa Mjerumani, anasema babu yake aliuchimbua kwenye shamba la mkonge Korogwe, wa von Lettow mwenyewe. Anataka milioni tatu, anasema nimtafutie mzungu. Mbele una ile alama katikati, chini umeandikwa 1939. Nyuma 1813. Anasema ni wa mwaka 1813, ndio maana bei iko hivyo.

Mwana wa Mkonge (#22)

Korogwe tena jamani, mali za Mjerumani haziishi 😂

Mlinda Lango (#23)

Fundi, 1813 ni mwaka wa kuanzishwa, huandikwa nyuma ya hata ile ya 1939. Wa vita vya Lettow ungekuwa na 1914 chini, herufi W katikati na taji juu. Mjerumani alishaondolewa Tanganyika zaidi ya miaka ishirini kabla ya huo kutengenezwa.

Sasa pima. Halisi ni vipande vitatu: moyo wa chuma uliopakwa weusi, na fremu mbili za rangi ya fedha zimeunganishwa ukingoni. Wa shingoni una upana wa kama milimita 48, daraja la pili 44. Shika sumaku, nyingi za kweli zinanasa. Feki nyingi ni kipande kimoja kimemwagwa kwenye kalibu, halafu kikapakwa rangi. Angalia ukingo kama kuna mstari wa kuunganishia.

fundi vito (#24)

Subirini.

Chuma cha Reli (#25)

Nimekaa palee.

fundi vito (#26)

Nimerudi. Sumaku ya spika, haijashika hata kidogo, inateleza kama juu ya sahani. Ukingo hauna mstari. Nikamwomba ruhusa nikwangue kidogo kwa tupa, chini njano, shaba.

Nikamwambia. Akautazama, akaupuliza vumbi, akaufunga tena kwenye leso yake. Kisha akaniuliza kama namjua mtu anayenunua rupia za Mjerumani, maana anazo mbili.